Maneno Madogo Katika Simu ya Kiingereza

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo liwatatizalo wengi wapigapo simu kwa Kiingereza.

Tutoe mfano. Kijana apiga simu kuuliza habari za kazi. Karani amwambia, "Hang on." Kijana akumbuka kwamba "hang" ni kutundika, tena amepata kusikia "hang up", yaani kukata simu. Basi, akata. Kumbe aliambiwa angoje kidogo! Neno la herufi mbili tu laweza kumkosesha kazi.

Asili ya "hang up" ni hii: simu nyingi za zamani zilikuwa na kipande cha kusikilizia kilichotundikwa kwenye kulabu. Kukitundika ndiko kulikokomesha mazungumzo. Siku hizi simu zakaa mfukoni wala hazina kulabu, lakini neno limebaki.

Yako na mengine. "Hold on" pia ni kungoja. Ukiambiwa, "I'll put you through," waunganishwa na yule umtakaye. "Call me back" ni kusema, "Nipigie tena." "Speak up" ni paza sauti.

Yafaa kuangalia sana "cut off". Simu ikikatika yenyewe, sema, "We were cut off." Ukisema, "I hung up," umekiri kwamba ulimkatia mwenzio kwa kusudi, naye aweza kuona umemdharau.

Tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Sisi nasi twasema "kata", "katia" na "katika". Shina ni moja, maana ni mbalimbali. Mtu asemaye "nimekata simu" hakusema sawa na yule asemaye "simu imekatika". Lugha yetu hubadili mwisho wa neno. Kiingereza huongeza kineno nyuma yake.

Kwa hiyo, msijifunze "hang" peke yake, wala "cut" peke yake. Jifunzeni neno pamoja na mwenziwe, kama mjuavyo jembe pamoja na mpini wake. Na msipofahamu, msikate simu. Ombeni kwa adabu mwambiwe tena. Kuuliza si aibu.

Kwaherini.