Tumbo Tupu na Tumbo Lenye Njaa



Watu wakishajua kwamba nafundisha fiziolojia ya mazoezi, swali lao la kwanza ni lile lile: "Mwalimu, nikimbie kabla ya chai au baada ya chai?" Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa kwenye daladala, nimeulizwa hata msibani. Leo nimelifanya kuwa mada ya mhadhara, kwa sababu ndani yake limo jambo lililonikaa moyoni tangu nikiwa darasa la nne. Nitalifikia.

Tuanze na ini. Mtu mzima aliyekula vizuri usiku hulala na akiba ya wanga, yaani glaikojeni, ya gramu 100 hivi kwenye ini, na gramu 400 hivi kwenye misuli. Maghala haya mawili hayana tabia moja. Ini ni karimu: usiku kucha linamimina sukari kwenye damu, na mlaji wake mkubwa ni ubongo, unaotumia gramu 5 hivi kila saa, uwe macho au usingizini. Misuli ni michoyo. Kilichoingia humo hakirudi kwenye damu. Msuli hukitumia wenyewe. Kwa hiyo anayeamka alfajiri ana ini lililopungukiwa sana, lakini miguu yake bado ina akiba. Akitoka kutembea, au kukimbia nusu saa kwa mwendo unaomruhusu kuongea na mwenzake, hahitaji kula kwanza. Maji yanamtosha.

Wakimbiaji wa Iten, kule Bonde la Ufa nchini Kenya, wanalijua hili kwa vitendo. Mji wenyewe uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi kuna baridi kali. Saa kumi na mbili makundi yako barabarani kwenye udongo mwekundu, wengi wakiwa hawajala kitu. Anayewatazama wakati huo anaweza kurudi nyumbani akisema siri ya Wakenya ni tumbo tupu. Angesubiri kidogo! Wakirudi kambini hupokewa na chai iliyochemshwa pamoja na maziwa na kutiwa sukari nyingi, na mikate. Watafiti waliopima chakula cha wakimbiaji 10 wa Kikalenjini wa kiwango cha juu, na kuchapisha matokeo mwaka 2004, waliona kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu ya chakula chao ilitoka kwenye wanga. Sukari pekee ilichangia karibu sehemu moja ya tano. Ugali ulizidi hapo kidogo. Hao si watu wanaokimbia na njaa. Ni watu waliokula ugali jana usiku, na chai yao iko jikoni inawangoja.

Siku ya mbio kubwa, hata ule utupu wa asubuhi hauonekani. Tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, Mkenya Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1:59:40. Njiani alikuwa akipokea chupa za kinywaji chenye wanga kutoka kwa watu wa baiskeli. Kwenye kazi ndefu na nzito, hata misuli yenye akiba hufika mwisho wa ghala.

Wanaotaka kupunguza kitambi nao hunisikitisha, kwa jinsi wanavyojitesa. Ni kweli kwamba ukikimbia kabla ya kula, mwili huchoma mafuta mengi zaidi wakati ule. Lakini mwili hupiga hesabu ya siku nzima. Mwaka 2014 lilichapishwa jaribio la wanawake 20, nusu wakifanya mazoezi kabla ya kula na nusu baada ya kula, kwa wiki 4, chakula chao cha siku kikiwa kimepangwa. Makundi yote mawili yalipungua uzito na mafuta, na tofauti ya maana baina yao haikuonekana. Kundi ni dogo na muda ni mfupi, nakubali, lakini matokeo yanakwenda sambamba na tunayoyajua kuhusu mwili. Chagua saa utakayoweza kuishika mwaka mzima.

Kwa ndugu zangu mnaofunga Ramadhani, saa nzuri ni jioni, karibu na Magharibi, kama vijana wengi wa pwani wanavyofanya na mpira wao. Kinachowaumiza zaidi mchana ni kiu kuliko njaa, na jioni maji yako karibu. Na mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini, au anayemeza glibenklamaidi, asitoke kukimbia tumbo tupu kabla ya kuongea na daktari wake. Dawa hizo hushusha sukari hata pale ambapo haikupaswa kushuka.

Sasa nirudi darasa la nne.

Shule yetu ya kijijini ilianza siku kwa mchakamchaka. Giza bado lipo, tunakimbia kwa mistari, tunaimba, ufagio mkononi. Asubuhi moja msichana aliyekuwa mbele yangu aliyumba kwenye kona ya mwembe, akakaa chini. Midomo ilikuwa imepauka, mikono inatetemeka, na jasho linamtoka kwenye baridi ile. Mwalimu wa zamu alisema ni mvivu, akamwamuru apige magoti. Mama mmoja jirani wa shule alitoka na uji wenye sukari kwenye kikombe cha bati, akamnywesha taratibu. Baada ya robo saa msichana alisimama, akauliza ufagio wake uko wapi. Mlo wake wa mwisho ulikuwa muhogo wa jana mchana.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, nilisoma kuhusu madaktari waliopima damu ya wakimbiaji mwishoni mwa marathoni ya Boston ya mwaka 1924. Waliokuwa na sukari ya chini sana walifika wakiwa wamepauka, wanatetemeka, wamechanganyikiwa. Nilimwona pale yule msichana. Mwaka uliofuata madaktari wale waliwapa wakimbiaji peremende njiani, na hali ile ikazuilika. Watu wazima wa Boston walipewa peremende. Mtoto wa kijijini kwetu aliitwa mvivu.

Tafiti za tumbo tupu hufanywa kwa watu waliokula jana usiku na watakaokula wakimaliza. Majibu yake hayamhusu mtoto aliyelala bila kula. Ini la mtoto ni dogo, na ubongo wake ni mkubwa ukilinganisha na mwili wake, hivyo akiba yake humalizika mapema kuliko yetu.

Walimu wakuu mlioko ukumbini, mchakamchaka ni jambo jema na sitaki ufutwe. Wala msiwaulize watoto mstarini nani hakula jana, maana mwenye njaa hatanyoosha mkono mbele ya wenzake. Kaeni na wazazi, pangeni zamu za kuni na unga, uji upikwe kwanza, filimbi ifuate.