Betri Ndogo, Hasara Kubwa

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo wa Kibaha na Kisarawe)



Leo nazungumza juu ya betri. Betri za tochi na redio tunazijua. Zikichoka tunazianika juani, na wengine huzing'ata kwa meno. Zikifa tunazitupa jaani. Hapo mbwa hunusa, kuku hupekua, watoto huchezea.

Siku hizi kuna betri nyingine, mviringo na ndogo kama kifungo cha shati. Zimo katika saa, na katika mashine wanazovaa wazee wasiosikia vizuri.

Baba yangu anavaa mashine hiyo. Usiku mmoja aliiweka juu ya kigoda. Mbwa huvutwa na harufu ya sikio inayobaki katika mashine. Basi mbwa wetu akaitafuna pamoja na betri yake. Asubuhi alidondosha mate, chakula hataki. Tukasema, atapona mwenyewe. Siku ya tatu ndipo tukamwita bwana mifugo. Lo! Ulimi na koo vimekwisha ungua. Mbwa akafa. Msimu ule nguruwe pori walimaliza mihogo yetu, kwa kuwa mlinzi hayupo.

Kwa nini betri inaunguza? Ikigusa nyama yenye mate, umeme wake hutengeneza maji makali kama soda ya kutengenezea sabuni. Hata betri iliyochoka yaweza kuunguza.

Tufanye hivi:

1. Mashine ya sikio ikivuliwa, iwekwe ndani ya kopo lenye kifuniko, mahali pa juu.

2. Betri zilizokufa zitiwe ndani ya chupa na kufungwa. Zisitupwe jaani wala motoni. Motoni hupasuka.

3. Mnyama akitafuna betri, usimtapishe. Maji yale makali yataunguza koo mara ya pili. Mwite bwana mifugo siku ile ile.

Ndugu zangu, yule alikuwa mbwa. Angekuwa mjukuu, je? Betri ikimkwama mtoto kooni, yaweza kumuunguza vibaya kwa saa 2 tu. Usingoje kuche. Mkimbize Hospitali ya Tumbi, Kibaha, au Hospitali ya Wilaya, Kisarawe. Chukua betri nyingine ya namna ile, daktari aione.

Leo, kabla ya kulala, kagua nyumba yako. Na wewe unayejua kusoma, msomee jirani asiyejua.