Mkutano wa Hadhara: Nani Alisikika?

Wasimamizi wa wadi, wazee wa mitaa, viongozi wa vijana na wa vikundi vya akina mama, itifaki imezingatiwa.

Maneno hayo mawili ya mwisho yangesemwa mapema, mikutano mingi ya Kibera na Kawangware ingeokoa saa nzima. Wakubwa wanapomaliza kusalimiana, mama mboga huwa ameshaondoka kurudi kibandani. Sahihi yake imebaki kwenye orodha.

Orodha haitoshi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikasisitiza kwamba ushirikishaji wa umma lazima uwe wa kweli.

Kibera wakazi wengi ni wapangaji. Mkutano ukijadili mahali pa kujenga choo cha umma, mwenye nyumba huketi mbele na hupewa kipaza sauti kwanza. Mpangaji atampinga vipi hadharani mtu anayemdai kodi ya mwezi? Hunyamaza. Choo kikijengwa mahali pabaya, atakayetembea gizani kukifikia ni yeye na binti yake. Msimamizi anayelijua hilo hawaulizi watu 300 kwa pamoja, "Kuna swali?" Huwagawa katika vikundi vidogo: wapangaji peke yao, wenye nyumba peke yao, wanawake, vijana. Kila kikundi huchagua msemaji, na hoja husomwa kama za kikundi, bila kutaja aliyezitoa.

Hilo limewahi kufanyika kwa ukubwa zaidi hapa hapa Nairobi. Kaunti ilipotangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango mwaka 2017, wakazi wa kaya zipatazo 100,000 walipangwa katika vikundi vya kaya kumi kumi, na maoni yakapanda ngazi kutoka hapo.

Saa nayo huchagua watu. Mkutano wa Jumanne saa nne asubuhi humkosa mama wa Kawangware aliyekwenda Lavington kufua nguo, na kibarua wa Kibera aliyeondoka alfajiri kwa miguu kuelekea Industrial Area. Jumapili alasiri huwapata wengi. Ijumaa adhuhuri, Makina iko msikitini.

Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, kwa hiyo rasimu ya bajeti isisomwe kwa Kiingereza kisha watu waulizwe mbona wako kimya. Mkalimani wa lugha ya ishara asimame panapoonekana, si nyuma ya spika. Na ukumbi wa ghorofani usio na lifti umeshamfungia nje anayetumia kiti cha magurudumu.

Mkutano ukiisha, kumbukumbu zibandikwe nje ya ofisi ya wadi, kwa Kiswahili, zikionyesha hoja zilizokubaliwa, zilizokataliwa, na sababu. Mkutano unaofuata uanze kwa kuzisoma, kabla ya salamu za mgeni yeyote.