HESHIMA YA ASKARI HAIMO KATIKA RUNGU LAKE
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuseme machache juu ya askari polisi na adabu yake. Huenda wako kati yenu watakaouliza: sisi makarani, watu wa kalamu na mafaili, yatuhusu nini kazi ya watu wa pingu na rungu? Yatuhusu sana. Mtu atokaye shambani kwake akaja mjini hana haja ya kubagua idara na idara. Akitukanwa na askari njiani asubuhi, na adhuhuri akafika dirishani kwetu kutafuta cheti cha mtoto wake, hututazama kwa jicho lile lile alilomtazama askari. Kwake yeye sisi sote ni mtu mmoja, na jina lake ni Serikali. Basi heshima ya askari ni sehemu ya heshima yetu, na aibu yake hutupaka sote.

Kwanza yatupasa kutenga mambo mawili yanayofanana kwa mbali, yaani kuogopwa na kuheshimiwa. Askari akipita sokoni na watu wakanyamaza, aweza kudhani kwamba ameheshimiwa. Lakini simba naye akipita watu hunyamaza, wala hatujasikia mtu akisema kwamba simba ana heshima. Kipimo cha kweli ni hiki: mama aliyepotelewa na mtoto akimwona askari, je, humkimbia au humkimbilia? Kukimbia na kukimbilia ni maneno ya shina moja, lakini katikati yake ndimo ilimo kazi yote ya polisi.

Jambo hili si geni duniani. Waingereza walilijifunza kwa taabu, na habari zake zafaa kukumbukwa. Zamani, fujo ilipotokea katika miji yao, waliitwa wanajeshi. Mwezi wa Agosti mwaka 1819 katika mji wa Manchester, askari wapanda farasi waliingia kwa panga katikati ya mkutano wa watu waliokuja kudai haki ya kura. Watu wapatao 15 waliuawa na mamia wakajeruhiwa. Kwa hiyo Robert Peel, Waziri wa Mambo ya Ndani, alipoanzisha polisi wa London mwaka 1829, raia wengi hawakuwapokea kwa vigelegele. Walidhani ni jeshi jingine lililoletwa kuwakalia.

Wakuu wa kwanza wa polisi wale walikuwa wawili. Charles Rowan alikuwa mwanajeshi aliyepigana Waterloo, na Richard Mayne alikuwa mwanasheria. Walijua kwamba watu 3,000 hawawezi kuutawala kwa nguvu mji wenye watu zaidi ya milioni moja. Waliwavika askari wao koti la buluu na kofia ndefu ya kiraia, ili wasifanane na wanajeshi wa koti jekundu. Hawakuwapa bunduki za kubeba mabegani, bali rungu la mbao, nalo lilifichwa chini ya koti. Tena katika maagizo ya kazi waliwaamuru wawe na adabu kwa watu wa kila daraja, wasichokozeke kwa maneno, na wajue kwamba kwa askari hakuna sifa ipitayo ile ya kuitawala hasira yake. Aliyeshindwa aliondolewa. Katika miaka michache ya mwanzo walifukuzwa wengi mno, hasa kwa ulevi.

Hata hivyo heshima haikuja kwa siku moja. Mwezi wa Mei mwaka 1833 polisi walivunja mkutano wa wafanyakazi huko Coldbath Fields, London, nao walipiga watu ovyo. Katika vurugu ile askari mmoja, Robert Culley, alichomwa kisu akafa. Baraza la raia lililoketi kuchunguza kifo chake liliamua kwamba aliyemwua alikuwa na haki ya kujikinga, kwa kuwa polisi ndio waliofanya ukatili. Uamuzi ule ulitanguliwa baadaye na mahakama ya juu, lakini watu wa mji waliwashangilia wazee wa baraza kama mashujaa. Tufikiri, ndugu zetu: mtumishi wa Serikali ameuawa kazini, na watu wanashangilia! Hayo ndiyo malipo ya polisi anayeogopwa. Hata siku ya msiba wake halilii jicho la mtu.

Miaka 18 ikapita. Mwaka 1851 yakafanywa Maonyesho Makuu katika bustani ya Hyde Park, na tiketi zilizoingiza watu zilipata milioni sita. Waliotabiri maasi waliona makundi yakipita kwa amani, na polisi wakasifiwa kwa utulivu wao. Hapo ndipo jina la Bobby, litokalo katika jina la Robert Peel, likazidi kuwa jina la mazoea kuliko la matusi. Lakini tazameni: mwaka 1855, katika bustani hiyo hiyo, polisi waliwapiga watu waliokuja kupinga sheria ya kuzuia biashara ya Jumapili, na Serikali ikalazimika kuunda tume ya kusikiliza malalamiko. Basi heshima ya askari si mali iwekwayo akiba ikakaa. Ni kama chakula cha nyumbani: cha jana hakimshibishi mtu leo.

Sasa turudi kwetu. Waingereza hao hao, walipounda polisi katika nchi zetu, hawakuleta mfano wa London. Walileta mfano wa Ireland, wa polisi wenye bunduki, wakaao kambini, waliowekwa ili kuishika nchi iliyotawaliwa. Na kabla yao, katika Tanganyika, Mdachi alikuwa amekwisha kuwafundisha watu maana ya askari kwa kiboko. Hata leo wazee wetu wakisema hamsa ishirini, hakuna ahitajiye kuelezwa kwamba ni viboko 25. Katika Kenya askari alikuwa mtu wa kuuliza kipande, akimsimamisha mtu mzima mbele ya wanawe. Hivyo babu zetu hawakukosea walipojifunza kumkimbia askari. Walijifunza yale waliyofundishwa.

Lakini utawala ule umekwisha zamani. Polisi wa Tanzania wamechukua maneno Usalama wa Raia, na wa Kenya wana maneno Utumishi kwa Wote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hata jina imeligeuza, ikawaita polisi Huduma, nayo yaagiza wafundishwe kuheshimu haki na utu wa mwanadamu. Haya ni maneno mema. Ila neno lililoandikwa ukutani mwa kituo halisomwi na yule asiyethubutu kuingia kituoni. Raia husoma maneno mengine: uso wa askari wa zamu, na namna anavyoulizwa shida yake.

Hapa ndipo penye hasara kubwa. Askari hawezi kuwa kila mahali. Uhalifu hugunduliwa kwa sababu mtu ameona au amesikia, kisha akasema. Fundi baiskeli wa pembeni aliwaona vijana waliobeba mzigo usiku. Mama lishe anajua ni nani aliyeanza kununua kwa noti kubwa. Mlinzi wa ghala alisikia gari likizimwa taa. Hawa ndio macho ya polisi, na macho haya hayana mshahara. Ikiwa fundi yule alipigwa kofi mwaka jana kwa kuchelewa kujibu salamu, basi akiulizwa atasema, “Mimi sikuona.” Ikiwa mama lishe huliwa chakula chake bila kulipwa, atasema, “Mimi mgeni hapa.” Mwizi atalala usingizi wake, na aliyemtandikia kitanda ni askari mwenyewe. Kofi moja limefunga midomo ya mtaa mzima.

Wako wasemao, “Mhalifu hajui lugha ya upole, askari akicheka naye atapandwa kichwani.” Tunawajibu kwa heshima kwamba adabu si unyonge, wala hatukusema askari acheke na jambazi. Kuna wakati wa nguvu, na sheria imeuruhusu kwa kiasi chake. Lakini kwa siku nzima askari hukutana na wahalifu wangapi, na wangapi ni wauza machungwa, madereva, wanafunzi na wazee waulizao njia? Akiwatendea wote kama majambazi ili asimkose mmoja, atawapoteza wote na huyo mmoja asimpate. Na hata huyo mshitakiwa, hakimu hajamhukumu bado. Katiba ile ya Kenya yaamuru kwamba mtu akikamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Pingu hufunga vizuri vile vile mkononi mwa askari asiyetukana.

Wala hatusemi haya kwa kubahatisha. Mtaalamu wa Marekani, Tom Tyler, aliwauliza wakazi zaidi ya 1,500 wa mji wa Chicago juu ya sheria na polisi, akatoa kitabu mwaka 1990. Aliona kwamba watu huitii sheria zaidi kwa kuiona yenye haki kuliko kwa kuogopa adhabu. Tena mwaka 2009 na 2010, katika jimbo la Queensland huko Australia, polisi walifanya jaribio barabarani. Vizuizi 60 vya kupima ulevi wa madereva viligawanywa kwa kura. Katika 30 askari walifanya kazi kama desturi yao. Katika 30 vingine walifundishwa maneno ya kusema: kueleza kwamba dereva hakuteuliwa kwa kushukiwa, kumwambia kwa nini kazi hii yafanywa, kumpa nafasi ya kusema lake, na kumshukuru. Madereva wa vizuizi vya adabu waliwasifu askari wale kwa haki na heshima kuliko wenzao wa vizuizi vya desturi. Na muda wote uliotumika kwa dereva mmoja haukufika dakika mbili.

Dakika mbili, mabwana! Na mambo yenyewe ni manne tu: kumheshimu mtu, kumsikiliza, kutompendelea wala kumwonea, na kumweleza sababu. Je, haya si yale yale tuliyofundishwa na bibi zetu? Mswahili humwamkia mkubwa wake shikamoo kabla ya kumwuliza lolote. Askari kijana akimsimamisha mzee mwenye mvi, akasema, “Shikamoo mzee, samahani, tunakagua magari kwa sababu ya wizi uliotokea jana,” amepungukiwa na nini? Mzee atafungua buti ya gari kwa mkono wake mwenyewe. Lakini akisema, “Wewe, shuka!” buti itafunguliwa, moyo utafungwa. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, sembuse binadamu garini.

Neno moja pia kwa wakuu wa polisi, kama lawezekana kuwafikia. Askari hutoa kile alichopewa. Akitukanwa na mkubwa wake kwenye gwaride, akilala katika nyumba inayovuja, akaambiwa asiwe na la kusema, hatutazamii kwamba atatoka getini akawe mpole kwa mwuza karanga. Sauti ya amri hushuka ngazi kwa ngazi mpaka imfikie asiye na wa kumshushia, na huyo ndiye raia. Anayetaka askari wenye adabu na aanze kwa kuwapa adabu hiyo askari wenyewe. Tena amwadhibu anayeionea kofia ya Serikali, wala asimfiche kwa kumhamisha wilaya nyingine, maana watu wa huko nao wana mashavu.

Mwisho twajielekea sisi wenyewe, watu wa dirishani. Yote tuliyoyasema juu ya rungu yahusu muhuri pia. Karani awezaye kusema “Njoo kesho” bila kuinua uso, amepiga kofi lisilo na sauti. Mtu aliyetembea tangu alfajiri kwa ajili ya karatasi moja, anajua uzito wa neno hilo kuliko sisi. Tukitaka askari amsalimu raia barabarani, na sisi tumsalimu dirishani. Tukitaka aeleze sababu, na sisi tumweleze kwa nini faili lake limechelewa.

Twapenda basi kila mwanachama aondoke hapa na kazi moja ndogo. Kuanzia kesho asubuhi, mtu wa kwanza atakayefika mezani kwako, mwamkie kabla hajakuamkia, umwulize shida yake, umsikilize mpaka amalize. Ikiwa huwezi kumsaidia, mwambie sababu na mahali pa kwenda. Kisha umpime anavyoondoka. Uungwana ni vitendo, na nguo ya Serikali haimpi mtu uungwana asioutenda. Humpa nafasi tu ya kuuonyesha mbele ya watu wengi.