Baraza la Wafanyakazi na Sauti ya Kibarua

Mwaka 1970, nchini Tanzania, Waraka wa Rais Namba 1 uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Mwaka uliofuata, Mwongozo wa chama cha TANU ukakemea viongozi wenye majivuno na dharau. Lakini baraza laweza kuwapo na watu wakabaki kimya! Fika kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge: mama anayeanika nyuzi juani ndiye wa kwanza kuona zinatoka na maganda, mashine haikwangui vizuri. Kikaoni, bosi akishatangulia kusema, mama huyo atampinga vipi? Basi, kiongozi, mwache yeye aanze. Andika hoja yake, na kikao kijacho mweleze imefikia wapi, hata kama jibu ni hapana.