Tuktuk Ikitetemeka, Isipuuzwe
Hotuba kwa madereva na wamiliki wa tuktuk



Tuktuk iliyotulia mjini huweza kuanza kutetemeka ikishika kasi kwenye barabara kuu ya Mombasa–Malindi. Wengine hununua tairi jipya kwa kubahatisha. Pesa huisha, mtetemo ungalipo.

Chanzo hutafutwa hatua kwa hatua. Kwanza, tuktuk ikiwa imesimama bila gia, dereva apige resi. Ikitetemeka, tatizo ni injini au raba zinazoishikilia. Ikitulia, ajaribu kwenye barabara isiyo na magari, bila abiria. Akiachia mafuta na mtetemo ukapungua papo hapo, fundi akague shafti za magurudumu ya nyuma na viungo vyake. Ukiendelea, akague magurudumu: upepo, tairi lililovimba, rimu iliyopinda, beringi na nati. Ukisikika zaidi mikononi, aanze na gurudumu la mbele. Ukisikika kitini, ya nyuma.

Nati zikilegea, gurudumu huweza kung'oka abiria wakiwa ndani. Kwa hivyo mtetemo ukianza, dereva apunguze mwendo, asimame kando palipo salama. Nauli iliyopotea leo hupatikana kesho. Mtu hana spea.