Mgeni na Lugha ya Wenyeji Wake

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya mtu atokaye nchi ya mbali, akaja kukaa kati ya watu ambao hajui lugha yao wala desturi zao. Wengi hudhani kwamba kazi ya kujifunza ni ya mgeni peke yake. Mimi nasema nusu ya kazi hiyo ni ya mwenyeji, na habari za Masasi na Newala zatuonyesha hivyo.

Mwaka 1864 Dr. Edward Steere alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Alikuwa mtu wa elimu nyingi, lakini kwa Kiswahili alikuwa kama mtoto mchanga. Basi aliketi na watu wa Unguja, akawasikiliza wakisimulia hadithi, akaziandika. Na mwaka 1870 hadithi hizo zikapigwa chapa, pamoja na kitabu chake cha kufundishia Kiswahili. Mwaka 1876, naye amekwisha kuwa Askofu, aliongoza kundi la watu waliokombolewa katika utumwa, kutoka Unguja mpaka Lindi kwa chombo, na kutoka Lindi mpaka Masasi kwa miguu. Nia ilikuwa kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa, lakini walipoiona nchi ya Masasi na milima yake ya mawe iliwapendeza, wakakaa.

Tutajapo wageni wa Masasi, tusiwakumbuke Wazungu tu. Watu wale waliokombolewa nao walikuwa wageni. Walirudi bara wakisema Kiswahili cha Unguja katika nchi ya Wamakua na Wayao. Sura zao zilifanana na za wenyeji, lakini mtu asiyejua kuomba maji kwa lugha ya kijiji ni mgeni, hata rangi yake iwe moja na yako. Mswahili husema "maji", Myao husema "mesi". Na mwenye kiu hana nafasi ya kutafuta mkalimani.

Mwaka 1877 akaja Masasi kijana Mwingereza, jina lake Chauncy Maples, umri wake miaka 25. Angaliweza kusema, "Ninacho Kiswahili, chanitosha." Hakusema hivyo. Alijifunza Kimakua, na mwaka 1879 kikatoka kitabu chake cha lugha hiyo. Baadaye akatoa na kitabu cha maneno ya Kiyao. Jina lililoandikwa juu ya vitabu hivyo ni lake, lakini maneno yaliyomo aliyapata kwa watu wa nchi hii: waliomtajia neno, wakalirudia, wakamsahihisha aliposema vibaya. Hao ndio waliokuwa walimu wake. Mwaka 1882 Wamagwangwara waliishambulia Masasi, wakateka watu, na Maples akahamia Newala, kwa Wayao wa mfalme Matola.

Kule Newala mgeni hujifunza somo jingine, lisiloandikwa kitabuni. Uwanda wa Makonde una mvua na ardhi nzuri, lakini maji huzama mchangani, na chemchemi ziko chini, mabondeni. Kabla ya maji ya bomba kuanza kuletwa juu katika miaka ya 1950, wanawake waliteremka mteremko mkali alfajiri, wakapanda tena na mitungi kichwani. Mgeni aliyeletewa maji ya kuoga, akayamwaga ovyo, alikuwa amemwaga safari nzima ya mama mmoja. Asipoambiwa kwa upole, atajuaje?

Sasa nitawaonyesha hatari iliyomo katika kutokuelewana. Mwaka 1935 Dr. Leader Stirling alikuja kutoka Uingereza kufanya kazi ya uganga katika jimbo la Masasi, akakaa Lulindi miaka mingi. Sisemi kwamba yalimpata yeye haya nitakayoyasema. Yaweza kumpata daktari mgeni ye yote. Daktari amwuliza mgonjwa, "Hujanywa dawa?" Mgonjwa ajibu, "Ndiyo," maana yake, ndivyo, sijainywa. Lakini Mwingereza kwa lugha yake, akisikia "ndiyo" katika swali kama hilo, hufahamu kwamba dawa imekwisha kunywewa. Tena sisi twahesabu saa tangu macheo. Mgeni akitazama saa yake ya mkono, akaona mshale uko penye nane asubuhi, akasema, "Kesho unywe dawa saa nane," mgonjwa atangoja mpaka jua limepita utosi. Hapo hapana mjinga hata mmoja, lakini maradhi hayangoji.

Kwa hiyo, mwenyeji afanye nini? Kwanza, usimcheke mgeni akikosea, maana aliyechekwa hunyamaza, na anyamazaye hajifunzi. Pili, usijibu "ndiyo" kwa adabu tu, na hali hukuelewa, mwambie, "Bwana, sema tena." Tatu, usimsemeshe kwa Kiswahili cha kuvunjavunja, ukidhani unamrahisishia. Wako wazee wa Kizungu waliokaa nchini miaka 20 na Kiswahili chao kikabaki kibovu, kwa sababu watumishi wao waliwaigiza badala ya kuwasahihisha.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nanyi, wanafunzi, mkumbuke kwamba huenda kesho ninyi ndio mtakaokuwa wageni, huko Dar es Salaam, au Nairobi, au ng'ambo ya bahari. Mtamhitaji mtu wa kuwaambia kwa upole, "Ndugu yangu, hapa hatusemi hivyo, twasema hivi." Mtu huyo na awe kila mmoja wetu kwa mgeni aliye karibu naye leo.